Subira na Nafuu: Maumivu ya Kisu, Maumivu ya Kichwa na Mipaka ya Ustahimilivu

Dini mbili zilizoenea zaidi miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili, Uislamu na Ukristo, humfundisha mgonjwa kusubiri, na zote mbili humruhusu, tena humhimiza, kutafuta matibabu. Kwa mtazamo wa juujuu mafundisho haya hayagombani, kwa kuwa mtu anaweza kumeza dawa huku akisubiri. Lakini yanapofikishwa kando ya kitanda cha mtu aliyetoka chumba cha upasuaji saa chache zilizopita, au nyumbani kwa mtu ambaye kichwa kimemuuma zaidi ya nusu ya siku za kila mwezi kwa miaka, huzuka swali gumu zaidi, nalo ni kwamba subira inamtaka mgonjwa afanye nini hasa. Je, anyamaze? Aikatae dawa, aipunguze, au aicheleweshe mpaka ashindwe kabisa? Makala haya yanashikilia kwamba subira haina sura moja, na kwamba maumivu yanayofuata upasuaji na maumivu sugu ya kichwa, ingawa mara nyingi huandikiwa vidonge vilevile na kuombewa dua ileile, huidai subira hiyo mahali tofauti, kiasi kwamba tendo lililo la busara katika hali ya kwanza linaweza kuwa chanzo cha madhara katika hali ya pili.

Ili swali hilo lieleweke ni lazima kwanza iondolewe picha moja ya maumivu iliyotawala fikra za watu kwa muda mrefu. Picha hiyo ilichorwa kwa ustadi na mwanafalsafa Mfaransa René Descartes, aliyefariki mwaka 1650, katika kitabu chake kuhusu mwanadamu kilichochapishwa baada ya kifo chake: mtu ameuweka mguu karibu na moto, chembe za moto zinauvuta uzi mwembamba uliomo ndani ya mshipa wa fahamu, na uzi huo, kwa namna ambayo kamba ikivutwa chini kengele hulia juu, hufungua tundu ndani ya ubongo. Kwa maelezo haya maumivu ni habari inayopelekwa bila kuongezwa wala kupunguzwa, hivyo jeraha kubwa lazima lilete maumivu makubwa, jeraha dogo lilete madogo, na pasipo na jeraha pasiwe na maumivu yoyote. Descartes mwenyewe alijua kwamba mambo si mepesi kiasi hicho, kwa sababu katika kitabu chake cha tafakuri cha mwaka 1641 aliwataja watu waliokatwa mkono au mguu ambao bado walihisi maumivu katika kiungo kisichokuwapo tena. Lakini kengele ndiyo iliyobaki vichwani mwa watu, na hadi leo ndiyo inayosikika pale ndugu wanapoambiana kwamba fulani anadeka, maana amepimwa na hakuonekana na kitu.

Mwaka 1944, wakati wa mapigano ya Anzio nchini Italia, daktari wa jeshi la Marekani aitwaye Henry Beecher alishangaa kuona kwamba askari wengi waliojeruhiwa vibaya, walipoulizwa kama wanahitaji mofini, yaani dawa kali ya kutuliza maumivu itokanayo na afyuni, walijibu kwamba hawaihitaji. Baadaye aliwalinganisha na raia waliofanyiwa upasuaji hospitalini, na katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1956 walioitaka dawa hiyo miongoni mwa askari walikuwa takriban theluthi moja tu, ilhali miongoni mwa raia walizidi wanne katika kila watano. Kuwalinganisha watu wa mazingira yaliyotofautiana hivyo kuna dosari zake, na wanataaluma wamezitaja. Hata hivyo tafsiri ya Beecher ilifungua mlango uliokuwa umefungwa, kwani alisema kwamba kwa askari jeraha lilimaanisha kutoka vitani akiwa hai, na kwa raia upasuaji ulimaanisha kuvurugika kwa maisha. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia ya lango, wakieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo taarifa za maumivu huweza kuzuiwa au kukuzwa kabla hazijafika kwenye ubongo, na kwamba ubongo wenyewe, pamoja na hofu, matarajio na kumbukumbu zake, hushiriki kulifungua na kulifunga lango hilo. Vipengele kadhaa vya nadharia hiyo vimerekebishwa tangu wakati huo, lakini kiini chake kimesimama, na kimeingia katika fasili iliyotolewa mwaka 2020 na chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu, inayoyaeleza maumivu kuwa ni hali isiyopendeza ya hisi na ya moyo pia, inayoambatana na kuumia kwa mwili au kufanana na ile inayoambatana na kuumia. Wataalamu hao waliongeza kwamba kufanya kazi kwa mishipa ya fahamu na kuumwa ni mambo mawili tofauti, na kwamba kauli ya mtu anayesema anaumwa inapaswa kuheshimiwa.

Kwa msingi huo tofauti kati ya aina mbili za maumivu zinazozungumzwa hapa haiwezi kuwa tofauti ya ukali peke yake. Maumivu ya baada ya upasuaji yana sababu inayojulikana, yana saa yaliyoanza, yana mshono unaoonekana na kila anayekuja kumtazama mgonjwa, na kwa kawaida yana mwisho unaotarajiwa. Zaidi ya hayo yana maana ambayo mgonjwa aliikubali mapema: alitia saini fomu ya ridhaa, akapewa nusu kaputi au ganzi ya mgongoni, akapasuliwa ili uvimbe utolewe, mfupa uungwe au mtoto azaliwe. Mama aliyejifungua kwa upasuaji hushika tumbo kila anapocheka au kukohoa, na kugeuka kitandani kwake ni kazi ya kupangwa, lakini mtoto yupo ubavuni, na wageni wakiingia wodini humpa pole na hongera kwa pumzi moja.

Maumivu sugu ya kichwa hayana lolote kati ya hayo. Kwa istilahi ya kitabibu kichwa huhesabiwa kuwa na maumivu sugu kinapouma siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa muda unaozidi miezi 3. Na aina zake zilizo za kawaida zaidi ni maumivu ya mkazo, ambayo hubana pande zote mbili za kichwa, na kipandauso, ambacho mara nyingi hupwita upande mmoja, huleta kichefuchefu, humfanya mgonjwa achukie mwanga na kelele, na huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. (Kichwa kinachouma ghafla kwa ukali ambao mtu hajawahi kuuona, au kinachouma pamoja na homa na shingo kukakamaa, au pamoja na kupooza upande mmoja, au baada ya kuanguka, hakimo katika mjadala huu, kwa sababu hicho ni cha kuwahishwa hospitali.) Katika walio wengi picha ya ubongo haionyeshi dosari yoyote; hakuna mshono, hakuna bandeji, na siku inayofuata mgonjwa huonekana sokoni au ofisini akiendelea na shughuli zake. Wageni hawaji. Baada ya miezi kadhaa hata wa nyumbani huacha kuuliza, na mgonjwa mwenyewe huanza kuona aibu kutamka jambo ambalo wenzake wamelisikia mara nyingi mno.

Waswahili husema kwamba kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake, na msemo huo unagusa tatizo ambalo wanafalsafa wameliita faragha ya maumivu, yaani ukweli kwamba anayeumwa hahitaji ushahidi ili ajue anaumwa, ilhali aliye kando hana njia ya kulihakikisha jambo hilo moja kwa moja. Ludwig Wittgenstein, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1953, miaka 2 baada ya kifo chake, alilitazama tatizo hilo kutoka upande mwingine, akidokeza kwamba mtu anaposema anaumwa hatoi taarifa ya kitu alichokichungulia ndani yake, kwani maneno hayo yamechukua nafasi ya kilio ambacho mtoto hulia kabla hajajua kusema. Kama ni hivyo, basi anayeyasikia hakuletewa dai la kuchunguza, ameitwa. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alilielewa jambo hili kwa namna ya kitabibu, kwani katika kitabu chake cha *al-Qanun* alizipanga aina 15 za maumivu kwa kufuata jinsi yanavyohisiwa, yawe ya kuchoma, ya kupwita, ya kukaza au ya uzito, na kila aina akaitafutia sababu yake, jambo ambalo lisingewezekana kama asingeyachukua maneno ya wagonjwa kuwa ni elimu.

Adabu ya Waswahili huliongezea tatizo hilo ugumu wa pekee. Muuguzi anayepita wodini alfajiri humwamkia mgonjwa kabla ya kumhoji, na mgonjwa aliyelelewa vyema hujibu kwamba ameamka salama, anamshukuru Mungu, hata kama hakufumba jicho usiku kucha kwa sababu ya kidonda. Salamu imetimizwa kama inavyopasa, na katika faili huandikwa kwamba mgonjwa hana malalamiko. Muuguzi mzoefu huijua mitego ya adabu hii, na baada ya salamu kuisha huuliza upya, safari hii akitaka namba kati ya 0 na 10, au humwomba mgonjwa avute pumzi ndefu na kukohoa huku yeye akiutazama uso wake, kwa kuwa maumivu ya mtu aliyelala kimya hayaonyeshi kama ataweza kuamka na kutembea.

Hapa ndipo dini huingia, kwa sababu ukimya wa mgonjwa mara nyingi huchukuliwa kuwa ni dalili ya imani. Katika mapokeo ya Kiislamu mtazamo huo una watetezi wenye heshima kubwa: inasimuliwa kwamba Imamu Ahmad ibn Hanbal, aliyefariki mwaka 855, alikuwa akiugulia katika maradhi yake ya mwisho, na alipoambiwa kwamba Tawus, mwanachuoni wa vizazi vilivyotangulia, alichukia kuugulia kwa mgonjwa, alinyamaza na hakusikika tena mpaka alipofariki. Lakini katika zama zilezile al-Bukhari, aliyefariki mwaka 870, aliweka katika mkusanyiko wake wa hadithi mlango mzima unaohusu kauli ya mgonjwa kwamba anaumwa, au kwamba kichwa chake kinamuuma, au kwamba maumivu yamemzidi, na ndani ya mlango huo akaipokea habari ya Bi Aisha aliyelalamikia kichwa chake, na Mtume akamjibu kwamba yeye pia kichwa kinamuuma. Ni habari fupi, na huenda ufupi wake ndio umefanya isitajwe sana katika mawaidha. Hata hivyo inamweka mbele ya waumini Mtume mwenyewe akitamka malalamiko ya kawaida kabisa ya mwili, bila kuyafuatishia onyo. Katika mlango huohuo al-Bukhari alikumbusha kauli ya Nabii Ayubu, ambaye kwa mujibu wa Sura ya 21 alimwambia Mola wake kwamba dhara limempata, na ambaye pamoja na kusema hivyo bado Qurani inamsifu kuwa ni mwenye subira. Wanazuoni waliofuata walitofautisha kati ya kumlalamikia Mwenyezi Mungu mbele ya watu, jambo linaloivunja subira, na kulalamika kwake Yeye au kumweleza tabibu hali ilivyo, jambo lisiloivunja. Kwa upande wa Wakristo hali ni ileile, kwani sehemu kubwa ya kitabu cha Ayubu na Zaburi nyingi ni malalamiko, na usiku wa Gethsemane, kama Injili zinavyousimulia, ulianza kwa ombi la kuondolewa kikombe kabla ya kufika kwenye utii.

Ikiwa kulalamika kunaruhusiwa, bado kunabaki swali la dawa. Kisa kinachotajwa mara nyingi na wanaosifu kuikataa ni cha Urwa ibn al-Zubayr, mmoja wa mafakihi saba wa Madina, ambaye mguu wake ulioza alipokuwa safarini kwenda kwa khalifa al-Walid ibn Abd al-Malik, ikabidi ukatwe kwa msumeno. Alipotakiwa anywe kinywaji cha kumlevya asihisi maumivu, alikataa, akakatwa huku akimkumbuka Mungu, na baadaye akamshukuru kwa viungo alivyobakishiwa. Riwaya za kisa hiki hazilingani katika kila jambo, lakini zinakubaliana katika lile lililo muhimu hapa: aliyekataa ni Urwa, kwa mguu wa Urwa. Hakumkatalia mwingine, wala hakuna mwingine aliyemkatalia yeye, na heshima yote ya tendo hilo inatokana na hapo.

Tofauti huonekana waziwazi pale mtu mmoja anapotoa uamuzi juu ya maumivu ya mwingine. Baada ya etha kutumiwa hadharani katika upasuaji mjini Boston tarehe 16 Oktoba 1846, na hasa baada ya James Young Simpson wa Edinburgh kuanza kutumia klorofomu kwa wanawake wanaojifungua mwaka 1847, ilitolewa hoja kwamba uchungu wa uzazi uliwekwa na Mungu katika sura ya tatu ya Mwanzo, hivyo kuuondoa ni kumpinga. Simpson aliandika kijitabu mwezi Desemba mwaka huohuo, akajibu kwa kutumia Mwanzo ileile, kwamba Mungu alimtia Adamu usingizi mzito kabla ya kumtoa ubavu. Watafiti wa baadaye wameonyesha kwamba upinzani wa makanisa ulikuzwa sana katika masimulizi, na kwamba Simpson huenda alijibu hoja alizozitarajia kuliko alizozikuta. Mwaka 1853 Malkia Victoria alipewa klorofomu na John Snow alipomzaa Leopold, na mjadala ukapoa. Hata hivyo inafaa kutambua kwamba hoja yenyewe ilitungwa kwa ajili ya wanawake. Aliyeupa mjadala huo sura ya kifalsafa ni Papa Pius wa 12, ambaye tarehe 24 Februari 1957, akiwajibu madaktari wa usingizi, alieleza kwamba Mkristo anaweza kwa hiari yake kuyapokea maumivu kama njia ya kujitakasa, lakini halazimiki kufanya hivyo, na kwamba dawa za kutuliza zinaruhusiwa hata kama zinaweza kufupisha uhai, mradi kufupisha huko hakukusudiwi. Neno lenye uzito katika maelezo hayo ni hiari, nayo hutoweka mara tu mhubiri, mume au mkunga anapoamua kwa niaba ya anayeumwa.

Kwa mgonjwa aliyetoka kupasuliwa kuna sababu nyingine ya kuitilia shaka subira ya kukaa kimya, nayo inatokana na utendaji wa mwili. Aliyepasuliwa tumbo au kifua na asipate nafuu ya kutosha huogopa kuvuta pumzi ndefu, hakohoi, makohozi hutuama, na nimonia hupata nafasi. Hainuki kitandani, na damu huweza kuganda katika mishipa ya miguu. Maumivu makali yasiyotulizwa katika siku za mwanzo ni miongoni mwa mambo yanayohusishwa na maumivu sugu ya baada ya upasuaji, yaani yale yanayoendelea zaidi ya miezi 3 ilhali kidonda kimeshapona, kwa kuwa mishipa ya fahamu na uti wa mgongo vinapopokea taarifa kali kwa muda mrefu huweza kuwa vyepesi kuhisi kupita kiasi. Kwa sababu hiyo madaktari hawangoji maumivu yapande ndipo wayakimbize, bali huchanganya njia kadhaa kwa wakati mmoja, kama parasetamoli kwa saa maalumu, dawa za kupunguza uvimbe pale figo na tumbo vinaporuhusu, ganzi kwenye eneo la kidonda, na mofini pale panapohitajika. Mgonjwa anayeificha dawa chini ya mto kwa kuamini kwamba anajizoeza uvumilivu huwa anaahirisha maumivu yake na kuyaongeza. Subira inayotakiwa kwake ni ya kazi: kukohoa huku ameshikilia mto tumboni, kuketi ukingoni mwa kitanda, kutembea hatua chache mpaka dirishani ingawa mwili wote unakataa, na dawa ndiyo inayoifanya kazi hiyo iwezekane.

Hofu ya mofini imekuwa kikwazo kikubwa katika jambo hili, na sehemu yake ina msingi, kwani dawa hiyo ikitumiwa ovyo huleta utegemezi na ikizidi husimamisha pumzi. Lakini hata mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 unaodhibiti dawa za kulevya unakiri katika utangulizi wake kwamba dawa hizo haziepukiki katika kutuliza maumivu. Uganda imetoa mfano katika uwanja ulio jirani, ule wa wagonjwa wa saratani na maradhi yasiyoponyeka: tangu Daktari Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, mofini ya unga imekuwa ikikorogwa kwa maji na kupewa wagonjwa wainywe nyumbani kwa gharama ndogo, na mwaka 2004 sheria iliwaruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Kilichobadilika huko hakikuwa kemia ya dawa. Kilikuwa ni imani ya serikali kwamba mgonjwa wa kijijini na muuguzi wake wanaweza kuaminiwa nayo.

Msomaji aliyeifuata hoja mpaka hapa angeweza kuhitimisha kwamba dawa ni bora kuliko subira siku zote, na hapo ndipo kichwa sugu kinapokataa. Moja ya sababu za kawaida za kichwa kuuma kila siku ni dawa zenyewe za kichwa. Mtu mwenye kipandauso au maumivu ya mkazo anayetumia parasetamoli au dawa nyingine rahisi siku 15 au zaidi kwa mwezi, au vidonge vya mchanganyiko vyenye aspirini, parasetamoli na kafeini, au dawa za jamii ya mofini, siku 10 au zaidi kwa mwezi, kwa muda unaopita miezi 3, huweza kupata maumivu mapya yanayotokana na matumizi hayo, ambayo nayo humsukuma ameze tena. Hali hii haitokani na uovu wala uroho. Mara nyingi ni mtu mwenye bidii ya kazi ambaye hawezi kukosa siku, hununua vidonge viwili vitatu dukani akielekea kituo cha daladala, huweka vingine kwenye mkoba ili kichwa kisimkute hana kitu, na baada ya mwaka hawezi kukumbuka siku aliyoamka bila kidonge. Matibabu yake huanza kwa kuacha, na wiki za mwanzo za kuacha maumivu huzidi kabla hayajapungua. Hakuna dua wala hoja inayoweza kuziondoa wiki hizo, ingawa daktari anaweza kuzipunguza makali.

Hapa subira hudaiwa kwa maana yake ya asili kabisa, lakini hata hapa si ya kukaa mikono mitupu. Humtaka mgonjwa aandike kila siku kichwa kilipouma, alikula nini, alilala saa ngapi na alimeza nini. Humtaka pia akubali dawa ya kinga, yaani dawa inayonywewa kila siku ili mashambulizi yapungue, ambayo huchukua wiki kadhaa kabla haijaonyesha manufaa. Dawa hizo mara nyingi ni zile zilizotengenezwa kwa maradhi mengine, kama propranololi ya moyo na shinikizo la damu, au amitriptilini ya sonona, na wengi huziacha njiani kwa sababu hakuna aliyewaeleza. Mtu akiambiwa na muuza duka kwamba amepewa dawa ya watu wenye huzuni, huona kwamba daktari hakumwamini. Mwanachuoni wa Kiislamu al-Ghazali alifundisha kwamba subira huhitajika katika kutenda la wajibu, katika kujizuia na la haramu, na katika kuubeba msiba. Mgonjwa wa mshono na mgonjwa wa kichwa wote wamepewa msiba wa kuubeba, lakini wa kwanza anahitaji zaidi subira ya kutenda, na wa pili ile ya kujizuia, na mshauri asiyeijua tofauti hiyo, hata akiwa na nia njema kiasi gani, atampa kila mmoja wasia wa mwenzake.

Mwanafikra aliyeliona tatizo hili kutoka ndani ni Simone Weil, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1943, ambaye tangu alipokaribia umri wa miaka 21 aliishi na maumivu makali ya kichwa. Katika insha aliyoiandika mwaka 1942 kuhusu upendo wa Mungu na masaibu alitofautisha maumivu ya kawaida, ambayo hata yakiwa makali kama ya jino hupita bila kuacha alama katika nafsi, na yale ya muda mrefu au yanayorudi mara kwa mara, ambayo huweza kumng'oa mtu mahali pake katika maisha, yakamshusha mbele ya watu na mbele ya nafsi yake mwenyewe. Weil hakuyapamba. Katika maandishi yake ya faragha alikiri kwamba kichwa kilipomzidi alitamani kumpiga mtu mwingine palepale kwenye paji la uso ili naye aumie, ungamo ambalo ni vigumu kulikuta katika vitabu vya watawa, na linalobomoa dhana kwamba maumivu humfanya mtu kuwa mwema kwa nguvu zake yenyewe. Wakati huohuo alisimulia jinsi ambavyo wakati wa Pasaka ya mwaka 1938, katika abasia ya Solesmes, ambako kila sauti ilimpiga kichwani, aliweza kuusikiliza uimbaji wa watawa na kupata ndani yake furaha isiyo na doa. Mambo hayo mawili yalikuwa ya mtu mmoja na ya kichwa kimoja. Maana aliyoipata Solesmes aliipata mwenyewe, na lau mtu angemwambia kabla ya ibada kwamba kichwa chake kimeletwa ili apate furaha hiyo, pengine angestahili lile pigo la paji la uso.

Hadithi inayofundisha kwamba Muislamu hapatwi na dhara, hata la mwiba, ila hufutiwa baadhi ya makosa yake, na mafundisho ya Kikristo kuhusu kushiriki mateso ya Kristo, yaliyopanuliwa na Papa Yohane Paulo wa Pili katika barua yake ya kitume ya mwaka 1984, kwa hiyo hubadilika kulingana na kinywa kinachoyatamka. Yanapotamkwa na anayeumwa huwa ni tumaini. Yanapotamkwa na mgeni aliyeketi kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda, kabla hajauliza kama dawa ya saa sita imeletwa, huweza kuwa njia ya heshima ya kumnyamazisha.

Mahali ambapo mambo haya hukutana kila mwaka ni mwezi wa Ramadhani. Njaa, kukatika kwa usingizi na kukosa kahawa au chai ya asubuhi ni vichocheo vinavyojulikana vya kipandauso, na siku za mwanzo za mwezi huwa nzito kwa wenye maradhi hayo, kama ambavyo Wakristo wenye kipandauso huugua baada ya mkesha au mfungo mrefu. Qurani katika Sura ya 2 inamruhusu mgonjwa kufungua na kulipa siku nyingine, na mafakihi wamemwekea fidia ya kumlisha maskini yule ambaye maradhi yake hayatarajiwi kupona. Lakini mwenye kichwa sugu huona haya kuitumia ruhusa hiyo, kwa kuwa mchana wa saa nane anaweza kuonekana mzima, na hakuna mshono wa kumwonyesha jirani atakayemkuta anakunywa maji. Hata hivyo mafakihi walipojiuliza madhara ya mgonjwa yatajulikanaje, wengi wao hawakutaka alama inayoonekana na watu. Walikubali kauli ya tabibu mwaminifu, na walikubali pia yale ambayo mgonjwa ameyajua kwa kuyapitia mwenyewe, kwamba siku alizofunga akiwa katika hali hiyo zilimdhuru.